Walivyoniita Bwana Kesho

Vijana wangu wa kitengo cha mahusiano, mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimeshaanza kusahau, kwa hiyo nitaandika upesi. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa viwili tu na kimoja walikifuta. Nitaeleza jinsi nilivyojifunza kusema na watu wanaoishi chini ya nyaya zetu, na kwa nini nyuma ya mlango wa stoo ya Kibondo, kwa miaka yote mliyonifahamu, kulikuwa na mwanzi mrefu wenye ndoano ya waya ambao nilikataza usiguswe.

Nilianza nikiwa kibarua wa kufuta mafuta kwenye mashine za dizeli. Enzi hizo laini haijafika huku, mji wa Kibondo uliwashwa na majenereta, na lile kubwa likianza kunguruma asubuhi, kuku wa Burundi walikuwa wanaamka. Siku ya kwanza nilipewa ndoo, furushi la matambara na buti mbili, zote za mguu wa kushoto. Nilizivaa mwaka mzima, na mpaka leo nikitembea bila kuangalia mbele naelekea kushoto. Jioni, kazi ikiisha, nilikwenda kwenye darasa la watu wazima. Tulikalia madawati ya watoto wa darasa la pili na magoti yalinifika masikioni. Kidato cha nne nilikifanya polepole mno. Mwalimu wetu wa historia alisema mimi peke yangu natosha kuwa sura ya kitabu chake.

Kusema na watu sikukuomba. Asubuhi moja walikuja akina mama wa mtaa wa jirani na nguo mikononi, nyeupe zimekuwa na madoa ya moshi wetu. Meneja akatoka akawasomea karatasi yenye maneno kama "athari zinazovumilika." Wakamtazama, wakatazama nguo. Mimi nilikuwa nyuma ya mashine na tambara langu. Nikapaza sauti kwa Kiha juu ya ule mngurumo, nikawaambia moshi unatoka saa mbili mpaka saa tano, upepo ukitoka Burundi unakwenda kwao, ukitoka Kasulu unakwenda polisi, na waanike kwa kufuata upepo mpaka tutakapopandisha bomba la moshi. Wakacheka, wakaondoka. Meneja akanyoosha kidole, akasema yule mwenye sauti kesho asishike tambara. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Bomba lilipandishwa baada ya mwaka, lakini hilo tuliache.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Fundi Gwasa, msimamizi wa mafundi wa laini, mzaliwa wa Kitanga, mtu mrefu kiasi kwamba tulisema hahitaji ngazi. Tulipoanza kusimika nguzo za kuelekea vijijini alinichukua pikipiki moja naye. Somo lake la kwanza lilikuwa salamu. Mnajua wenyewe salamu za kwetu, kuinama kidogo, kupiga makofi, kuulizana habari za nyumba, za ng'ombe, za shamba, za yule aliyekuwa anaumwa mwaka juzi. Nimewahi kusalimiana na mzee mmoja wa Kumsenga mpaka mvua ikaanza, ikanyesha, ikaisha. Wahandisi waliotoka mjini walikuwa wakitazama saa. Gwasa aliwaambia kwamba ukikata salamu, yanayofuata wanayasikia lakini hawayapokei.

Somo la pili alinipa tukiwa tunakula mahindi ya kuchoma juu ya gogo. Alisema, "Bwana mdogo, usimpe mtu tarehe ambayo hujaishika mkononi."

Nikaliandika kwenye daftari langu. Nililipigia mstari mara mbili. Kisha nikaenda nikafanya kinyume chake, na hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo.

Kwanza vifaa, maana mliuliza. Nilikuwa na kipaza sauti cha mkononi kilichokula betri kuliko mbuzi anavyokula migomba, daftari la mahudhurio, na mabango ya onyo yenye picha ya fuvu la kichwa. Mabango yale yalipendwa sana. Nilidhani watu wanaogopa umeme, mpaka nilipolikuta moja kwenye mlango wa ghala la mahindi na jingine kwenye kibanda cha kuku. Yalifukuza wezi vizuri kabisa. Kwenye nguzo zenyewe halikubaki hata moja.

Laini ya msongo wa kati ilipita kwenye kijiji kimoja upande wa Busunzu. Ardhi inayopita laini tunaiita mkuza, na ndani ya mkuza hautakiwi kuwa na mti mrefu. Pembeni mwa mkuza huo palisimama mparachichi wa Mama Bukuru. Alikuwa mjane wa makamo, mama wa mapacha, na mti ule ulikuwa umesomesha mapacha wote wawili. Ulizaa kama umelaaniwa kuzaa. Mafundi walitaka kuukata. Mama Bukuru akakaa chini ya shina, akatandaza kanga, akaanza kuchambua maharage kana kwamba hakuna mtu mbele yake. Nikaitwa nikaseme naye.

Nikasalimia kama nilivyofundishwa, tukaongea siku mbili, na nikapata suluhu ambayo nilijivunia miezi mingi. Tungekata matawi ya upande wa waya, mti ubaki. Kila mtu akaridhika. Gwasa peke yake alitazama juu, akasema mparachichi hautii mkataba. Mimi nikasema tutakuja kuupogoa kila mara. Nikaandika kwenye ripoti, nikapongezwa.

Halafu laini ikasimama bila umeme. Mashine ya kituo cha umeme cha mjini ilikuwa haijafika. Ofisi kuu ikatuma ujumbe kwamba tuwatangazie wananchi laini itawashwa Jumatatu, wakae mbali. Nikapita na gari la matangazo nikitangaza mpaka sauti ikawa ya chura. Jumatatu ikapita. Baada ya miezi kadhaa ikaja tarehe ya pili, nikatangaza, ikapita. Nikaja na ya tatu. Kila iliposhindikana niliandikiwa maneno ya kusema, nayo yalikuwa yale yale: kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Tulikatazwa kabisa kusema tumekosea, eti neno hilo likitoka haliwezi kurudishwa.

Watu walingoja miaka miwili. Katika miaka miwili waya usiouma unakuwa kamba. Walifunga mbuzi kwenye nguzo, walianika nguo kwenye zile nyaya za kushikilia nguzo, na vijana walishindana kurusha viatu vikanasa juu. Nikipita na gari, wanaitana: "Njooni, Bwana Kesho amefika." Watoto walinikimbilia wakiimba hivyo. Nilikuwa nacheka nao. Nilidhani ni mapenzi, na kwa kiasi yalikuwa mapenzi, ila nilichelewa kuona kwamba kila tarehe niliyotangaza ilikuwa inawafundisha watu kutonisikiliza.

Mashine ikafika. Safari hii niliiona kwa macho yangu ikishushwa, nikaipapasa ikiwa bado na nailoni. Tarehe ikatoka. Siku ya kuwasha ingekuwa na mgeni rasmi mjini, maturubai na ngoma. Siku moja kabla, gari la matangazo likatumwa likiwa na kijana mwingine, ujumbe wa simu ukatumwa, nami nikapita na pikipiki nyuma yake kusikiliza. Gari lilikuwa bado linaonekana, na mwanamume mmoja amelala chini ya nguzo na kofia usoni anamwambia mwenzake kwamba hata harusi yake ataipangia siku ya umeme, ili isifike. Mwenzake akacheka hadi akakohoa.

Nikasimamisha pikipiki. Nikatazama mbele, nikaona mparachichi wa Mama Bukuru. Ulikuwa umechipua upya, mbichi, umejaa, matawi mapya yamerudi kule kule tulikokata. Kupogoa nilikoahidi kulifanyika mara moja tu. Na juu ya paa la jiko lake ulilazwa ule mwanzi wa kuangulia, kingoe, mbichi na mrefu, wenye ndoano ya waya mnene kwenye ncha. Msimu ulikuwa umewadia. Yeyote atakayeinua kingoe kile kesho kwenye matawi yale, mimi ndiye nitakuwa nimemuua, kwa suluhu yangu na kwa tarehe zangu tatu.

Nilimpigia Gwasa nikamwomba timu ya kukata matawi. Wote walikuwa kituoni kwa ajili ya mgeni rasmi. Akasema atakuja kesho akiachiwa. Kisha akaniuliza, "Kwenu habari ya msiba inaletwaje?"

Nilimwelewa. Kwetu anayeleta habari ya msiba haiti kutoka barabarani. Anaingia uani, anakaa, anapewa maji, ndipo anafungua kinywa. Kwa miaka miwili mimi nilikuwa nikipita barabarani nikipiga kelele kama muuza sabuni. Nikaegesha pikipiki mbali, nikavua kofia, nikaingia kwa Mama Bukuru kwa miguu, nikaketi kwenye kigoda bila kusema. Akaniletea maji. Akaniuliza ni nani amekufa.

"Hajafa mtu bado, mama," nikasema.

"Bado?"

"Mara tatu nilikwambia laini itawaka, na mara zote tatu nilikuwa sijui. Nilisema nilichoandikiwa. Tulikosea, na mimi nilikosea. Hata kuuacha mti huu nilikosea. Safari hii mashine nimeishika kwa mkono huu. Ni kesho, saa nne asubuhi."

Akacheka, polepole, bila ubaya. "Kesho," akasema.

Akanieleza shida yake. Kesho hiyo hiyo Bi Zuhura, mtu wa pwani anayefanya biashara Kasulu mjini, angekuja na gari kuchukua maparachichi, na Bi Zuhura hajawahi kumdanganya siku. Tukainuka tukaangua pamoja jioni ile mpaka giza likatuzuia. Yaliyobaki yalikuwa mengi zaidi, ya juu kabisa, upande wa waya. Na kesho angekuja shemeji yake, Ntahondi, aliyekuwa akiangua kila mwaka. Mama Bukuru alisema yeye ameshanielewa, ila Ntahondi hamwezi. Akikuta kingoe ataangua, hata akiambiwa na malaika. Akaushika ule mwanzi, akaniwekea mapajani.

"Uje wewe mwenyewe. Kikae mkononi mwako mpaka umeme uwake."

Nilifika asubuhi na mapema. Nikakaa kwenye kigoda nimeshika kingoe wima kama mlinzi wa mtemi. Ntahondi akaja na wenzake wawili, wakanisalimia kwa adabu, wakanizunguka, wakaniuliza kama kampuni sasa inanunua fito. Bi Zuhura akafika na pikapu yake, kajifunga ushungi vizuri, akapewa kiti, akaanza kuhesabu mawingu. Nikawaeleza wote. Ntahondi akasema sawa, tungoje hiyo saa nne.

Saa nne ikafika. Ikapita. Ng'ombe walipita, jogoo akawika, waya ukakaa pale pale umetulia na viatu vyake. Nikapiga simu kituoni. Wakaniambia mgeni rasmi hajafika, ningoje, muda wowote. Saa tano nikapiga tena. Muda wowote. Saa sita simu haikupokelewa. Kufikia hapo uani palikuwa pamejaa, nadhani nusu ya wilaya ilikuja kunitazama, na nusu nyingine ilikuwa njiani.

Bi Zuhura akanisogelea kwa upole wa watu wa pwani. "Kaka yangu, mimi sikuharakishi. Ila nina mzigo mwingine unanisubiri, na saa nane nikiondoka, nimeondoka."

Ntahondi akanyoosha mkono. "Lete kingoe, Bwana Kesho. Umeshindwa. Tumekuheshimu tangu asubuhi."

Nitawaambia ukweli, vijana wangu. Nilitaka kumpa. Nilijiambia pengine wameahirisha tena na hawajaniambia, si mara ya kwanza. Nikikataa na umeme usije, nimemkosesha yule mama mauzo ya msimu mzima kwa neno langu, na neno langu pale halikuwa na thamani ya parachichi bovu. Nikamtazama Mama Bukuru. Alikuwa anachambua maharage.

"Mwacheni," akasema bila kuinua macho. "Akikosea leo, nitamfukuza mimi mwenyewe."

Bi Zuhura akatazama saa yake, akatazama yule mama, akarudi kwenye kiti. Saa nane ikafika naye hakuondoka.

Mvua ya manyunyu ikaanza. Ilikuwa alasiri, watu wameanza kutawanyika, Ntahondi amekaa chini ananung'unika, ndipo tuliposikia mlio juu. Ulikuwa mdogo, kama mahindi yanavyoanza kulia kwenye kikaango. Jani moja la parachichi, la tawi jipya lililokuwa limefika kwenye waya, lilikuwa linatetemeka peke yake bila upepo. Likatoa cheche, likawa jeusi, likaanza kufuka moshi. Ntahondi alilitazama lile jani, akautazama mwanzi mkononi mwangu kuanzia chini hadi kwenye ndoano, kisha akarudi nyuma kinyumenyume mpaka akagusa ukuta wa jiko, akaketi pale.

Nikawaondoa watu wote uani, nikampigia Gwasa. Huyo alipokea. Nikamwambia tawi liko kwenye waya, wazime. Akaniuliza kama najua mgeni rasmi ndiyo kwanza anapigiwa makofi. Nikasema najua. Wakazima. Laini iliyongojwa miaka miwili iliwaka kwa dakika ambazo unaweza kuzimaliza kwa kunywa kikombe cha chai ya moto, na aliyeizima ni mimi. Barua ya onyo iko kwenye faili langu, imeandikwa Kiswahili kizuri sana. Kosa la pili lililotajwa humo ni kuwaambia wananchi kwamba kampuni ilikosea.

Gwasa akaja na timu. Wakapima kama waya umekufa, wakauunganisha na ardhi, ndipo wakaegemeza ngazi. Nikaenda kwa Mama Bukuru kumwomba tena siku mbili za maongezi. Hakunipa hata dakika mbili. Akatazama lile jani jeusi, akasema, "Kateni. Ila mniangushie kwa upole, matunda yasipondeke."

Wakauteremsha mti tawi kwa tawi kwa kamba, kazi safi kuliko zote nilizowahi kuona. Ntahondi alikuwa wa kwanza kupokea matawi. Bi Zuhura akapakia, pikapu ikazama mpaka matairi yakaonekana nusu. Yaliyobaki tulikula sisi. Mimi nilikula kumi na saba, Gwasa anasema manne.

Jioni ile nikamrudishia Mama Bukuru kingoe. Akakataa, akasema hana mti wa kuangua. Nikamwambia nitaleta miche ya kupandikizwa, tuipande mbali na mkuza, ikirefuka nitamrudishia mwanzi wake.

"Lini?" akauliza.

Nikasema kesho. Uani pote wakacheka, na Ntahondi akacheka kuliko wote.

Ripoti ya wiki ile ilikuwa na kisanduku cha idadi ya watu waliofikiwa na tangazo. Kijana wa gari la matangazo aliandika wakazi wote wa kata, pamoja na wachanga. Mimi niliandika mmoja. Meneja aliniita akauliza kama nimesahau sifuri. Nikamwambia sikusahau, na kwamba hata huyo mmoja alinichukua miaka miwili. Hakuijibu ripoti ile. Lakini tangu mwaka uliofuata kila laini mpya iliyokuwa inawashwa tuliipitia uani kwa uani, tunakaa, tunakunywa maji ya watu, na siku ya kuwasha kuna mtu wetu anayebaki kijijini mpaka baada ya saa iliyotajwa. Mmeikuta kazi hivyo, mkadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Miguu yenu inauma kwa sababu yangu, mnisamehe.

Mwezi uliopita mliniaga kwa keki na saa ya ukutani. Kesho yake, sina pikipiki ya ofisi tena, nilikodi bodaboda, nikafunga mwanzi ule pembeni na kitambaa chekundu kwenye ncha, na dereva akalalamika njia nzima kwamba tunafanana na msafara wa bwana harusi. Mama Bukuru alikuwa uani. Amezeeka, kama mimi. Tulisalimiana mpaka dereva akazima pikipiki, akalala juu yake.

Akaupokea mwanzi, akaigusa ndoano. Akasema waya umeota kutu na mwanzi umekauka, umekuwa mwepesi, unafaa. Kisha akaniambia, "Ulisema kesho."

"Nilisema, mama."

Akanipeleka nyuma ya nyumba, upande wa mbali na laini. Miche mitatu niliyoileta ilikuwa imekuwa miti, na mmoja ulikuwa na matunda ambayo mkono hauyafikii. Akanirudishia kingoe, akaonyesha lililo kubwa kuliko yote. Nikaangalia juu kwanza, kulia, kushoto, mpaka kwenye ncha za matawi. Palikuwa na mbingu tupu. Nikainua, nikaangua.